Krismasi Iliyopikwa kwa Kuni za Matanga

Nimewahi kusikia jinsi nitakavyoliliwa. Nilikuwa nimeketi kitandani katika chumba cha nyuma, nyumbani kwa wazazi wangu karibu na soko la Khayega, nikimenya ndizi ambayo sikuwa na hamu nayo. Ilikuwa asubuhi ya mkesha wa Krismasi. Sauti ya mwanamke ikaingia langoni, ndefu, ya kupanda, ile ambayo kwetu haina maana nyingine. "Khasandi wee! Khasandi mwana wetu, umetuacha!" Nikaiweka ndizi juu ya shuka. Nakumbuka nilijigusa kifua kwanza.

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyeketi kwenye benchi la hospitali na kadi mkononi, ukisubiri kuitwa. Sitakueleza ugonjwa hutoka wapi wala dawa hufanyaje kazi. Hayo utaelezwa na wenye makoti meupe, na utakuwa umeyasahau kabla ya kufika barabarani. Mimi nimemaliza dawa. Nywele zimerudi, laini na za kujikunja kama za mtoto mchanga, na daktari ananitaka nirudi baada ya miezi, si baada ya siku. Lakini ujue tangu sasa kwamba katikati ya njia niliamua kuacha, na sikumwambia mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nikiishi Nairobi, nikiandika riwaya yangu ya pili. Wakati wa kuvuna mahindi niligusa shingo nikakuta uvimbe mdogo kama punje ya njugu. Watu walipomaliza kupukuchua, ulikuwa saizi ya yai la kwale, na nilikuwa nikiamka nguo zimelowa jasho. Saratani ya tezi, wakaniambia. Kemo, ile dawa ya kupitishwa mshipani, mara sita, kila baada ya wiki tatu. Kwa kuwa sikuweza tena kupanda ngazi za nyumba niliyopanga, nikarudi kwetu ili nitibiwe katika hospitali ya mjini Kakamega. Tulifika mvua ikinyesha, watu wote wakiwa ndani ya nyumba zao, na Baba akalifunga lango kwa kufuli ambalo sikuwahi kuliona.

"Khasandi ako Nairobi," aliwaambia majirani waliouliza. "Kazi imemshika."

Usimhukumu haraka. Shangazi yangu, dada yake wa pekee, alikufa kwa ugonjwa wa jina hilohilo. Katika miezi yake ya mwisho wageni walimletea uji katika kikombe chake peke yake, na wengine wakasema nyumba yetu ina jambo. Kwa hiyo Baba, aliyefundisha Kiswahili katika shule ya msingi kwa miaka thelathini, ambaye hakuna neno lililomshinda, alishindwa na neno hilo moja. Mezani kwetu uliitwa "ile kitu." Ile kitu imelalaje leo? Dawa ya ile kitu imeisha? Siku za kemo tulitoka alfajiri kwa gari la kukodi, mimi nikiwa nimejifunika shuka kiti cha nyuma.

Chumba cha kusubiria kilikuwa na mabenchi manne, runinga isiyotoa sauti, na dirisha moja ambalo kila mtu alilitaka. Hapo ndipo nilipomjua Fanisi, mwanamke wa makamo kutoka Khwisero aliyeuza dagaa wa omena kabla ya kuugua. Alikuwa mbele yangu kwa kemo mbili, na hilo lilimfanya mwalimu wangu.

"Wewe ndio mwandishi?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Ndiyo, mama."

"Basi andika. Andika hii benchi ilitengenezwa na mtu hana matako."

Alinifundisha kunyonya tangawizi ili nisitapike njiani, na kulamba barafu dawa nyekundu inapoingia ili mdomo usichubuke. Alinionya kwamba mkojo utakuwa mwekundu, nisipige kelele. Nilipiga kelele hata hivyo. Baada ya kemo ya kwanza maji yalikuwa na ladha ya sarafu. Kucha zikaanza kuwa nyeusi kuanzia shinani. Wiki mbili baadaye nilipitisha kitana kichwani kikarudi na kila kitu.

Mama aliniketisha jikoni kwenye kigoda, akaninyoa kwa wembe, polepole, akipuliza kila baada ya mkato. Alipomaliza alifungua kitambaa chake mwenyewe, akalowesha kichwa chake kwa maji yaleyale.

"Mama, usifanye hivyo."

"Kwani ni kichwa chako?"

Kwetu mwanamke hanyoi kichwa kwa urembo wala kwa joto. Kichwa hunyolewa baada ya mazishi, familia ikikaa pamoja uani, na ndipo kila mtu ajuaye kusoma alama hizo husoma kwamba hapo kuna kaburi jipya. Mama alilijua hilo kuliko mimi. "Nitavaa kitambaa," alisema. "Nani ataona?" Akajinyoa mwenyewe bila kioo, akajikata juu ya sikio la kushoto, na tukakaa pale jikoni, vichwa viwili vya kung'aa, tukishindwa kuangaliana.

Kemo ya tatu ilikuja mwanzoni mwa Desemba, mvua zikiwa zimekatika na vumbi limeanza. Nilimkuta mwanamume nisiyemjua kwenye nafasi ya Fanisi karibu na dirisha.

"Fanisi yuko wapi?" nikamuuliza muuguzi aliyekuwa akinitafuta mshipa.

"Hakuja."

"Atakuja lini?"

Aliendelea kubandika plasta mkononi mwangu, akailainisha kwa kidole gumba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ingawa ilikuwa imeshika vizuri. Sikuuliza tena. Dawa ilipokuwa ikishuka tone kwa tone niliamua. Kemo ya nne ilipangwa siku mbili baada ya Krismasi. Asubuhi hiyo sitaamka. Nitasema nimechoka, na kesho yake nitasema hivyo tena, na watu wawili waliochoka kama wazazi wangu hawatakuwa na nguvu za kuninyanyua. Nitakwisha taratibu katika chumba cha nyuma, na kwa kuwa niko Nairobi, hakuna atakayenikosa. Nikahisi utulivu. Wiki zile tatu nililala vizuri kuliko wakati wowote wa ugonjwa wangu, na Mama akamshukuru Mungu kwa dawa.

Krismasi yenyewe sikuijali. Tangu nilipoanza kujiita mwandishi nilikuwa nikija nyumbani tarehe ishirini na tatu na mikate ya mjini, napiga picha na kuku aliyechinjwa, naondoka tarehe ishirini na sita. Niliwahi hata kuandika makala ya kuidhihaki: watu wanaosafiri usiku kucha ili walishane obusuma, ugali wetu, na kuulizana wataoa lini. Mwaka huo Baba alisema hatutachinja. Harufu ya kuku huita wageni. Tungefunga lango, tungesali watu watatu, tungekula tulicho nacho.

Kilichoharibu mpango wake ni vumbi la unga.

Mkesha wa Krismasi hakuna mahali penye watu wengi kama kwenye kinu cha kusaga mahindi, ambacho sisi sote hukiita posho. Mama alienda mapema, akapanga debe lake kwenye foleni, akasubiri, akasagiwa. Kisha akafanya jambo ambalo kila mwanamke pale amelifanya maelfu ya mara: akavua kitambaa, akakikung'uta unga, akakifunga tena. Labda ilichukua muda wa kupumua mara nne. Alirudi nyumbani, akatua unga, akaanza kuchambua mchele bila kujua alichokifanya.

Foleni nzima ilikuwa imeona kichwa chake. Mume wake walimwona jana yake akipita, mzima. Mtoto wake wa pekee alikuwa Nairobi na hakuja Krismasi. Hesabu ilikuwa rahisi. Tena ilikuwa na aibu ndani yake, kwa sababu kichwa hunyolewa baada ya kuzika, si kabla. Maana yake walikuwa wamenizika mahali fulani bila kumwambia mtu.

Basi wakaja, wakilia na wakiwa na hasira.

Kupitia upenyo wa pazia niliwaona wakisukuma lango hadi kufuli likang'oka na mbao yake. Wanawake kama ishirini, na wanaume nyuma, kila mwanamke na mzigo wa kuni kichwani, kama inavyotakiwa, kwa sababu nyumba yenye msiba haiendi kutafuta kuni. Mbele alikuwa Mama Rispa, jirani yetu wa upande wa chini, ambaye uji wake nilikunywa kabla sijajua kutembea. Alitupa kuni zake katikati ya ua.

"Mwalimu!" alimpigia Baba kelele. "Mmezika mtoto mjini? Kama mtu hana kwao?"

Baba alisimama barazani na kijiko mkononi. "Mama Rispa, ngoja..."

"Ningoje nini? Bibi yako hanyoangi kichwa bure! Huyu mtoto nilimtoa funza kwenye vidole, Mwalimu. Na hukuniambia nimwage hata konzi moja ya udongo?"

"Alikuwa anaandikanga kila kitu kwa daftari," mwingine alilia. "Hata majina ya ng'ombe zetu. Sasa nani atajua majina ya ng'ombe zetu?"

Nilikuwa nimekaa sakafuni kufikia hapo. Nilisikia mambo ambayo mtu hapaswi kuyasikia. Kwamba nilikuwa na kiburi kidogo, lakini kiburi kizuri. Kwamba nilipokuwa darasa la tano nilimsomea Kukhu Selina barua zote za mwanawe na nikawa naruka sehemu za matusi, naye alijua naruka. Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu; Kukhu Selina ni nyanya wa kijiji kizima. Yeye hakuwa akipiga kelele. Aliketi juu ya kuni zake na kusema jina langu, akinyamaza, akilisema tena, kama mtu anayemwita kuku aliyepotea.

Nilikuwa nimepanga kufa kimya. Pale sakafuni nilielewa kwamba hakuna mtu aliyewahi kunipa ruhusa hiyo.

Nikafungua mlango nikatoka jinsi nilivyokuwa, kichwa wazi, nyusi zimekwisha, ganda la ndizi bado mkononi, gauni la Mama likinining'inia. Mwanamke mmoja alipiga ukelele akakimbia hadi nyuma ya choo. Kilio kikakatika vipandevipande, wa mbele wakinyamaza huku wa nyuma, ambao hawajaona, wakiendelea. Kukhu Selina aliinuka. Alinijia kwa mwendo wake wa kuburura mguu, akanifinya mkono kwa nguvu, akasubiri niseme uwii. Nikasema.

"Ni yeye," akawatangazia. Kisha akanigeukia. "Haya, nirudishie machozi yangu. Nimelia kutoka posho mpaka hapa, sauti imeisha, na wewe uko ndani unakula ndizi?"

Mtu mmoja akacheka, akajizuia.

"Lakini kama ni mzima," Mama Rispa alisema taratibu, akinitazama kichwa kisha akimtazama Mama, "hizi nywele zilienda wapi?"

Kila mtu alimtazama Baba. Huyu ndiye mtu aliyewasimamisha watoto wa kijiji kile juani kwa kuchanganya l na r, ambaye mpaka leo wazee wazima hunyoosha ndimi zao wakikutana naye njiani.

"Ana salatani," Baba alisema.

Hakuna aliyemsahihisha. Alilirudia, vilevile, salatani, kwa ulimi wa mama yake, kisha akaketi kwenye ngazi ya baraza na kijiko chake na kuufunika uso.

Sitakudanganya kwamba wote walibaki. Wanawake wawili waliokota vitenge vyao wakaondoka bila kuaga, na hadi leo hawajaingia kwetu tena. Lakini wengine walisimama pale, hawajui waweke mikono wapi, hadi mtu akauliza kama wachukue kuni zao.

"Kuni za matanga zimewahi kurudi nyumbani?" Kukhu Selina aliuliza. "Nani anataka kurudisha kifo kwake, aokote zake tuone."

Hakuna aliyegusa.

"Basi zitachomwa hapahapa. Kesho ni nini?"

"Ni Krismasi, Kukhu."

"Mtapika Krismasi hapa. Na nyinyi wote mliomlilia, mumtoe huko mlikompeleka. Mmoja mmoja." Sijui kama hiyo ni mila au aliibuni akiwa amesimama. Aliushika mkono wangu kwanza, akaniuliza ile salamu tunayosalimiana kila siku njiani bila kuifikiria. "Khasandi, uko?"

"Niko," nikajibu.

Wakapanga mstari kama ule wa kuwapa pole wafiwa. Mikono ya jembe, mikono ya sabuni, mkono mmoja wenye unga. Khasandi, uko? Niko. Uko, mwanangu? Niko. Wa kwanza niliwajibu kwa aibu, kama mtu aliyekamatwa na uongo, kwa sababu ndani yangu nilikuwa nimeshaondoka na tarehe ya kuondoka niliijua. Kufikia wa ishirini nilikuwa na hasira na kila mmoja wao. Mama Rispa alikuja mwisho. Yeye hakuuliza. Aliushika tu mkono wangu na kuugeuza, akazitazama kucha zangu nyeusi moja baada ya nyingine, na mimi nikasema niko bila kuulizwa.

Krismasi ilipikwa. Kuku walikuja wenyewe, kwa maana ya kwamba kila boma lilileta wake, na kuni zile ziliwaka tangu watu walipotoka kanisani hadi jua lilipopinda. Ngoma ya isukuti, ileile ambayo ingepigwa mazishini kwangu, ilipigwa chini ya ukuta wa jikoni na vijana ambao hawakuwa na uhakika waipige kwa furaha au la, wakaipiga vyovyote. Nilikula vijiko vitatu vya mchuzi, nikaenda nyuma ya jikoni nikatapika vyote. Nilipokuwa nimeinama hapo nilimwona Baba amesimama kwenye ghala la mahindi, paji la uso limeegemea mbao, mabega yakitikisika. Nilipangusa mdomo, nikarudi kukaa kati ya watu, kwa sababu mtu alikuwa ameshaanza kuuliza niko wapi.

Sikupona siku hiyo, na hakuna kilichokuwa chepesi. Usiku uvimbe uliuma kama kawaida. Siku ya pili yake nililala mchana kutwa, nikatazama dari, nikautafuta ule utulivu wangu wa wiki tatu. Haukuwepo.

Asubuhi ya kemo Mama alikuja na chai, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nilikuwa sitaki kwenda," nikamwambia.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Ulikuwa umeacha kuuliza dawa imebaki ngapi." Akanipa chai. "Mimi na baba yako tulikuwa tumeshakubaliana tusikulazimishe. Tulichoka, Khasandi. Mungu atusamehe, tulikuwa tumechoka."

Nilivaa viatu.

Langoni, penye kufuli lililong'oka, Mama Rispa alisimama na mkoba na sweta la kanisani. Mumewe alifia hospitali, na tangu hapo hakuwahi kukanyaga jengo lolote lenye harufu ya dawa. Aliingia garini bila kuomba. Njia nzima alishikilia mkanda wa kiti kwa mikono miwili. Kwenye chumba cha kusubiria alikaa wima kwa saa nzima, akiwatazama wagonjwa mmoja mmoja. Kisha hakuweza kujizuia tena, akawasimulia wote jinsi alivyomlilia mtu aliye hai. Alieleza mpaka yule aliyekimbilia nyuma ya choo. Mwanamume wa dirishani alicheka hadi akashika mpira wa dripu usichomoke. Msichana mmoja mwenye kofia ya sufu alicheka, halafu akalia, halafu akaomba asimuliwe tena tangu mwanzo.

Jina langu likaitwa. Muuguzi alipata mshipa mara ya tatu, ile dawa nyekundu ikaanza kushuka, na Mama Rispa akaketi kando yangu akiufuata mpira kwa macho hadi unapoingia mkononi.

"Hii inaisha lini?"

"Februari. Kama vipimo vya damu vitakubali."

"Na Pasaka utakuwa wapi?"

"Sijui, mama."

"Hiyo si jibu. Niko na kijogoo kimeanza kuwika juzi. Watu wanakitaka, wananisumbuanga kila siku. Nikiuze ama nikuwekee?"

Ladha ya chuma ilikuwa imeshaanza kupanda kooni. Alisubiri. Hakunipapasa mkono wala kuniambia Mungu yupo. Alisubiri jibu kama mtu mwenye mambo mengine ya kufanya, na kijogoo ambacho lazima kijulikane ni cha nani.

"Niwekee," nikamwambia.